Ramayana inamfundisha nini mtu anayesali huku moyo wake umekauka?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa nyumbani hapa Tanga, nimezaliwa katika familia ya Kihindu yenye asili ya Gujarat. Kila asubuhi ninawasha taa mbele ya picha ya Rama na Sita, ninafukiza udi, ninasoma Hanuman Chalisa, wimbo wa kumsifu Hanuman, kisha ninaendelea na kazi zangu. Kwa muda mrefu sasa ninasoma kwa mdomo tu. Moyoni sihisi kitu. Mzee mmoja wa hekaluni amenishauri niisome Ramayana yote. Nimeanza, lakini ninachokiona ni fitina za wake wenza, wafalme na vita. Rama mwenyewe ni mkamilifu mno, siwezi kumwiga, na pale anapomtilia Sita shaka ninakwama kabisa. Kitabu hiki kitanisaidia nini katika ibada yangu?

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na jambo ambalo nadhani ndilo linalokukwaza tangu kurasa za mwanzo. Umeifungua Ramayana ukimtafuta ndani yake mtu wa kumwiga, ukamchagua Rama, ukaona hufiki alipo. Kumtazama Rama hivyo ni desturi ya kale na ina heshima yake, kwa kuwa vizazi vingi vimemtaja kuwa kigezo cha mwana, cha ndugu na cha mfalme. Kwa habari ya ibada, hata hivyo, Rama, tunayemwabudu kama mungu Vishnu aliyezaliwa mwanadamu, ndiye anayependwa. Wanaopenda ni wengine: Bharata na Lakshmana, ndugu zake; Sita, mkewe; Hanuman, mtumishi wake wa jamii ya nyani; Vibhishana, bikizee Shabari wa msituni, hata Jatayu, yule ndege mzee aliyekufa akijaribu kumzuia Ravana, mfalme wa Lanka, asimtoroshe Sita. Hao ndio wa kutazamwa na mtu mwenye swali kama lako. Na ukiwafuatilia kwa makini utagundua kwamba wengi wao, katika sehemu kubwa ya kisa, hawana Rama mbele ya macho yao. Utenzi huu wa beti zipatazo 24,000, unaonasibishwa na Valmiki, kwa kiasi kikubwa ni habari ya watu wanaompenda mtu aliye mbali nao, na ya mambo wanayoyafanya wakati yuko mbali.

Ndiyo maana naamini mzee wako wa hekaluni alikushauri vizuri, hata kama hakukueleza sababu. Hali unayoilalamikia, ya kusimama mbele ya taa bila kuhisi kitu, Ramayana haiihesabu kuwa dosari inayopaswa kuondoka kwanza ndipo ibada ianze. Watu wake wanaabudu wakiwa katika hali hiyohiyo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Bharata, na ningekuomba ukae naye kuliko mwingine yeyote. Kisa unakijua. Mfalme Dasharatha wa Ayodhya anakusudia kumtawaza Rama, mwanawe wa kwanza; mjakazi Manthara anamjaza maneno Kaikeyi, mke mdogo aliyependwa sana; Kaikeyi anamdai mfalme ahadi mbili alizompa zamani, ya kwanza kwamba mwanawe Bharata ndiye atawazwe, na ya pili kwamba Rama apelekwe msituni kwa miaka 14. Rama anaondoka pamoja na Sita na Lakshmana, mfalme anakufa kwa majonzi, na Bharata, ambaye muda wote huo alikuwa kwa babu yake mzaa mama na hakujua lolote, anarudi nyumbani na kukuta ufalme umeshawekwa mikononi mwake. Anaukataa. Anamfuata kaka yake hadi mlima Chitrakuta akiwa na mama zake, wazee wa baraza na jeshi zima, anamsihi arudi, na Rama anakataa kwa sababu neno la baba yao haliwezi kuvunjwa hata baada ya baba kufa. Hapo ndipo Bharata anapoomba mitalawanda ya Rama, viatu vyake vya mbao.

Tazama anavyoitendea mitalawanda hiyo, maana Valmiki hakuharakisha mahali hapa. Bharata anaiweka kichwani na kuondoka nayo. Anakataa kukaa katika jumba la kifalme mjini, anahamia kijiji cha Nandigrama, anavaa magome ya miti kama mtawa na kuziacha nywele zake zisokotane. Anaiweka mitalawanda kwenye kiti cha enzi, kisha mwenyewe anaishikia mwavuli wa kifalme. Kila shauri la nchi linalotokea, na kila tunu yenye thamani inayoletwa, anaiarifu kwanza mitalawanda, halafu ndipo anapolitekeleza jambo lenyewe inavyostahili. Ni miaka 14 ya kuviarifu viatu ambavyo havikumjibu hata siku moja.

Yako mawili ya kuyaangalia hapa. La kwanza ni kwamba Bharata hakuambiwa na mtu kuwa siku fulani atahisi ukaribu wa Rama, wala Valmiki hasemi kwamba alihisi. Alichokuwa nacho ni viatu, ahadi na zamu ya kila siku. La pili, ambalo kwa maoni yangu hutajwa mara chache mno, ni yale aliyokuwa akiyaarifu. Hakuimba mbele ya mitalawanda kisha akaenda kutawala kama shughuli nyingine isiyohusiana na ile. Aliyapeleka kwake mambo ya hazina, ya ghala za nafaka na ya askari. Rama anaporudi, Bharata anamvisha ile mitalawanda miguuni kwa mikono yake mwenyewe, kisha anamkabidhi hesabu: hazina, ghala, mji na jeshi, vyote vimeongezeka mara kumi, na vimeongezeka, anasema, kwa nguvu yako. Ni maneno ya msimamizi anayefunga daftari, na ni maneno ya ibada kama yalivyo maombi yoyote katika kitabu kizima.

Sasa rudi kwenye sentensi yako mwenyewe: unawasha taa, unafukiza udi, unasoma, "kisha ninaendelea na kazi zangu". Umechora mstari pale ambapo Bharata hakuuchora. Ningekushauri kwa muda fulani, baada ya kusoma Chalisa, ubaki mbele ya picha dakika chache uieleze siku yako kwa maneno ya kawaida, kwa Kigujarati au kwa Kiswahili, kama unavyomweleza mkubwa wa nyumba: mchele umebaki kiasi gani, karo ya mtoto bado haijatimia, jirani mmekosana kwa jambo gani na unakusudia kumwendeaje. Huhitaji kuhisi chochote unapoyasema hayo. Kinachohitajika ni kuyasema kabla ya kuyatenda, maana huo ndio utaratibu wa Nandigrama.

Tulsidas aliutazama moyo wa Bharata kwa karibu zaidi. Yeye ndiye mshairi aliyeanza kuandika Ramcharitmanas mjini Ayodhya mwaka 1574, akichagua Kiawadhi, lugha ya watu wa mashambani na sokoni, badala ya Kisanskriti cha wanazuoni. Katika Ramayana yake, Bharata akiwa njiani kwenda Chitrakuta anafika Prayag, mahali Ganga na Yamuna zinapokutana, na anaomba. Anasema hataki mali, wala thawabu ya wema, wala starehe, wala hata ukombozi wa kutozaliwa tena. Anachotaka ni kwamba katika kila kuzaliwa awe na mapenzi kwa miguu ya Rama, na hana ombi jingine. Halafu anaongeza maneno ambayo nadhani yameandikwa kwa ajili ya watu wenye hali kama yako. Anasema: Rama na anione mimi mdanganyifu, watu na waniite msaliti wa bwana wangu na mwalimu wangu, ili mradi mapenzi yangu kwa Sita na Rama yazidi siku kwa siku. Haombi apendwe. Haombi ajue kwamba amepokelewa. Mtu aliyeliombea hilo kwa dhati hana tena sababu ya kupima kila asubuhi kama maombi yake yameleta joto moyoni au la.

Ukitoka kwa Bharata, nenda Lanka, kwenye sehemu ya tano, Sundara Kanda, ambayo kwa desturi husomwa sana siku za Jumanne na Jumamosi kwa heshima ya Hanuman. Wewe umezoea Chalisa inayomsifu Hanuman kwa nguvu, hekima na ushujaa wake, kwa hiyo huenda utashangaa kumkuta ndani ya Valmiki akiwa amekata tamaa. Ametumwa kumtafuta Sita, ameivuka bahari, amepekua Lanka usiku kucha, ameingia katika majumba ya Ravana chumba kwa chumba, na Sita hayumo. Anaanza kuwaza jinsi Rama atakavyokufa kwa huzuni akirudi na habari hiyo, na jinsi ndugu na mama watakavyomfuata, hata anaona heri yeye mwenyewe asirudi kabisa. Kinachomwinua ni hoja tu: kutokata tamaa ndiyo mizizi ya kufanikiwa, na aliye hai bado anaweza kuipata heri. Kisha anatazama na kuona bustani ya miashoka ambayo alikuwa hajaipekua. Anaomba, anaruka ukuta. Sita yumo mle.

Sita naye, katika bustani hiyo, amezungukwa na majitu ya kike yanayomtisha mchana na usiku, na Ravana amempa muhula wa miezi 2 tu uliobaki. Ravana anapokuja kumshawishi, Sita anaweka ujani mmoja wa nyasi kati yake na yeye, ndipo anapomjibu. Hana ukuta wala upanga, wala hakuna habari yoyote kutoka kwa Rama. Wafasiri wameueleza ujani huo kwa namna nyingi. Mimi huona kwamba mtu asiye na nguvu yoyote bado anaweza kuonyesha kwa kitu kidogo kabisa kuwa yeye ni wa nani. Taa yako ya asubuhi, hata siku unapoiwasha bila hamu, inafanya kazi hiyo.

Linalofuata linahusu usomaji wako moja kwa moja. Hanuman yuko juu ya mti, amemwona Sita akiwa amefikia mwisho wa subira yake, na anajua kwamba akishuka ghafla atamtisha. Anafikiri hata kuhusu lugha: akitumia Kisanskriti cha wasomi, Sita atadhani ni Ravana amejigeuza. Basi anaamua kutumia maneno ya watu wa kawaida, na kwa sauti ya chini, akiwa bado amejificha kati ya majani, anaanza kusimulia: palikuwa na mfalme aliyeitwa Dasharatha. Anakisimulia kisa cha Rama tangu mwanzo mpaka pale walipofika. Sita aliinuliwa moyo na kusikia kisa kile kikisimuliwa, kabla hajaiona pete ya Rama aliyoileta Hanuman na kabla hajamjua msimulizi ni nani.

Wewe husoma peke yako, na bila shaka kwa kasi ya mtu anayejua kwa moyo. Jaribu upande wa pili. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki jumuiya za Kihindu huwa na vikao vya kusomewa na kufasiriwa Ramayana, na usomaji wa pamoja wa Sundara Kanda ni jambo la kawaida mahekaluni na majumbani. Nenda ukakae nyuma, usikilize bila kitabu mkononi. Ukikosa kikao, mwombe mtoto wako akusomee unapopika. Ibada ya kusikiliza inahesabiwa na wanazuoni wa bhakti, yaani ibada ya kumpenda Mungu na kujitoa kwake, kuwa ya kwanza katika orodha yao iliyo mashuhuri, na mtu aliyechoka kusema hupumzika humo.

Shabari simwelezi kwa urefu, kwa kuwa kisa chake kimependwa na kusimuliwa kila mahali. Alikuwa mtumishi katika makao ya mtawa Matanga karibu na ziwa Pampa. Walimu wake walipoondoka duniani walimwambia Rama atapita, naye akabaki akimngojea na kumwekea akiba ya matunda ya msituni mpaka akazeeka. Ile habari tamu ya kuzionja kunazi moja moja ili ampe Rama zilizo tamu peke yake haimo kwa Valmiki wala kwa Tulsidas. Imetoka katika masimulizi ya waja wa baadaye, na sioni ubaya wa kuipenda. Kilichomo kwa Tulsidas ni mazungumzo. Shabari anasema yeye ni mwanamke, wa jamii duni, asiyejua kitu, atamsifuje Bwana? Rama anamjibu kwamba yeye anatambua undugu mmoja tu, undugu wa bhakti, na kwamba mtu mwenye ukoo, mali na sifa lakini hana bhakti ni kama wingu lisilo na maji. Kisha anamtajia njia tisa: kukaa na watu wema, kupenda habari za Mungu, kumtumikia mwalimu bila kiburi, kuimba sifa bila hila, kurudia jina takatifu kwa imani, kujizuia na kupunguza shughuli zisizo na kikomo, kuuona ulimwengu wote umejaa Mungu na kuwatukuza watakatifu kuliko Rama mwenyewe, kuridhika na kinachopatikana na kutotazama makosa ya wengine hata ndotoni, na kuwa mnyofu kwa wote, bila hila, ukimtegemea yeye bila kupandwa na furaha wala kuzama katika huzuni.

Rama anasema kwamba yeyote aliye na moja tu kati ya hizo tisa, mwanamume au mwanamke, ni mpenzi wake. Zihesabu mwenyewe uone ni ngapi zinazodai hisia kali. Nyingi zinahusu mwenendo, na ya nane, ile ya kutotazama makosa ya wengine hata ndotoni, naiona kuwa ngumu kupita ibada ndefu ya usiku kucha. Mtu ambaye moyo wake umekauka anaweza kuanza na hiyo leo hii.

Neno moja kuhusu Vibhishana, ndugu wa Ravana, aliyemkimbia kaka yake na kuja kwa Rama ufukoni kabla ya vita. Sugriva, mfalme wa nyani na mshirika wa Rama, alishauri akataliwe, kwa kuwa mtu anayemwacha ndugu yake wa damu hawezi kuaminika; Hanuman akashauri apokewe. Rama akasema kwamba anayemjia hata mara moja tu na kusema "mimi ni wako", yeye humpa usalama dhidi ya viumbe vyote, na kwamba hiyo ni nadhiri yake. Wavaishnava, yaani waabudu wa Vishnu, wa India ya kusini wameufanya ubeti huo kuwa mmoja wa nguzo za mafundisho yao juu ya kujikabidhi. Hakuna sharti la kusema kwa machozi.

Nije sasa pale unapokwama. Usidhani uko peke yako, wala usikubali mtu akuambie kwamba swali hilo ni utovu wa imani. Kwa Valmiki, baada ya ushindi Rama anamwambia Sita maneno makali, kwamba alipigana kwa ajili ya heshima ya ukoo wake na sasa Sita yuko huru kwenda atakako; Sita anamjibu kwa hasira ya haki, anamwagiza Lakshmana awashe moto, anauingia, na mungu wa moto anamrudisha akishuhudia usafi wake. Katika sehemu ya saba Rama anamfukuza akiwa mjamzito kwa sababu ya maneno ya raia, na mwisho wake Sita anaiita ardhi impokee, naye anaingia humo. Wanazuoni wengi wanaona sehemu hiyo ya saba iliongezwa baadaye, lakini hilo peke yake halikuondolei uzito, kwa kuwa imesomwa kama kitabu kitakatifu kwa karne nyingi.

Waja wenyewe hawakunyamaza. Bhavabhuti, mtunzi wa tamthilia wa karne ya 8, alimwonyesha Rama akilia na kujilaumu kwa alichomtendea mkewe. Tulsidas alisimulia kwamba Sita wa kweli alifichwa ndani ya moto kabla ya kutekwa, na kilichokwenda Lanka kilikuwa kivuli chake. Na habari ya kumfukuza hakuiweka kabisa. Watu hao walimpenda Rama kuliko tunavyompenda sisi, na bado mkono wao ulisita walipofika hapo. Mimi nasoma Valmiki kama alivyoandika, na naona kwamba jibu la Sita mbele ya moto limehifadhiwa lote, bila kupunguzwa makali, ndani ya utenzi wa kumtukuza Rama. Kitabu kinachohifadhi malalamiko ya haki ya mja dhidi ya Bwana wake kimekuachia nafasi na wewe ya kulalamika katika sala. Ukisimama mbele ya ile picha, umo uwezekano wa kuzungumza na Sita, ambaye ameketi pale kando yake.

Kuhusu namna ya kusoma: kwa kuwa Kigujarati unakijua, tafuta Ramcharitmanas yenye tafsiri ya Kigujarati. Gita Press ya Gorakhpur, iliyoanzishwa mwaka 1923, imeichapisha katika lugha nyingi za India kwa bei ndogo, na nakala hizo hupatikana katika familia nyingi za Kihindu za pwani yetu. Utaona ndani yake alama za vituo 30 kwa anayetaka kumaliza kwa mwezi mmoja, na vituo 9 kwa anayesoma kwa siku tisa, kama ilivyo desturi kuelekea Rama Navami, sikukuu ya kuzaliwa kwa Rama. Usianze na mpango wa siku tisa. Anza na sehemu ya pili, Ayodhya Kanda, hadi Bharata atakapofika Nandigrama, kisha ruka hadi Sundara Kanda. Sura za vita zinaweza kusubiri mwaka mwingine, nami sitakulaumu. Ukikosa siku mbili au wiki, endelea pale ulipoishia bila kujitoza faini ya kurudia. Chalisa usiiache kwa ajili ya hayo yote. Ni fupi, na siku ambayo mtoto anaumwa au wageni wamejaa nyumba, isome hiyo, uiarifu picha yanayokusubiri, uende jikoni.